Roboti yetu hufuata mstari vizuri maabara, lakini ukumbini hupotea: je, tubadilishe vihisi?

Mwalimu wa Fizikia, Wete

Assalaam alaykum ndugu zangu. Ninasomesha fizikia katika skuli moja ya sekondari kaskazini mwa Pemba na ninasimamia kundi la wanafunzi tisa, wasichana watano na wavulana wanne, wanaojitayarisha kwa mashindano ya roboti ya skuli yatakayofanyika Unguja baada ya wiki tatu. Roboti yao ni ndogo, ina magurudumu mawili na kigurudumu cha kuegemea, inaendeshwa na bodi ya Arduino Uno, yaani kompyuta ndogo inayobeba programu, na kazi ya roboti ni kufuata mstari mweusi uliobandikwa juu ya ubao mweupe, kubeba kopo lililowekwa mwisho wa njia na kurudi nalo. Chini ya pua yake tumefunga vihisi vitatu vya TCRT5000, ambavyo wanafunzi wenyewe wanaviita macho.

Tukiwa skuli, roboti hii haina kasoro. Mazoezi yetu huanza saa kumi na nusu, wanafunzi wanapotoka chuoni kusoma Kurani, na huendelea mpaka karibu na Magharibi ndani ya chumba cha maabara. Wiki iliyopita ilimaliza njia mara kumi na mbili mfululizo bila ya kukosea. Jumamosi tuliipeleka Chake Chake kwa jaribio la pamoja na skuli nyingine, katika ukumbi mkubwa, saa nne asubuhi. Iliondoka vizuri, ikafika kona ya pili, ikauacha mstari na kuanza kuzunguka papo hapo kama pia. Tuliirudisha mwanzo mara nne, na mara zote nne ikapotea kwenye kona ile ile. Wanafunzi wakasema kona ni kali mno, wakapunguza kasi, wala haikusaidia. Tulipojaribu tena saa nane mchana ilipita kona ya pili bila ya taabu yoyote, kisha ikapotea upande wa pili wa ubao, mahali ambapo mstari umenyooka kabisa, jambo ambalo limenichanganya zaidi kuliko lile la asubuhi.

Wazazi wako tayari kuchanga ili tununue vihisi vya bei kubwa zaidi, au kamera ndogo. Kabla sijapokea fedha za watu, ningependa kujua: je, vihisi hivi ndivyo vibovu, au kuna jambo tusiloliona? Programu aliyeiandika ni mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu, na tangu Jumamosi amekuwa mnyonge sana kwa sababu wenzake wanaamini kosa ni lake.

Fundi Umeme, Mlandege

Waalaykum ssalaam mwalimu. Umetaja kila kitu isipokuwa betri, na mimi huanzia hapo. Ikiwa mnatumia betri nne za kalamu, hizo zikiwa mpya zinatoa volti 6. Ikiwa mota zinaendeshwa na ile bodi nyekundu ya L298N, kama ilivyo kwa roboti nyingi za skuli, basi bodi hiyo inakula takriban volti 2 kabla umeme haujafika kwenye mota. Kinachobakia ni volti 4, na hapo betri bado ni mpya. Zikichoka kidogo mota zinakosa nguvu katika kona, na mota inapoanza kusukuma, umeme unashuka ghafla hata Arduino yenyewe huzima na kuwaka upya, ikaanza programu tangu mwanzo. Anayeitazama kwa nje ataona roboti iliyopotewa na akili.

Kuna kosa jengine nimekuwa nikiliona kwa vijana wanaokuja dukani: wanafunga betri moja ya mstatili ya volti 9, ile ya kwenye mita, wakidhani volti nyingi ndiyo nguvu nyingi. Betri ile haikukusudiwa kuendesha mota, na haiwezi kutoa umeme wa kutosha kwa mota mbili kwa pamoja hata ikiwa imetoka kwenye pakiti leo.

Chukua mita, pima volti huku magurudumu yakizunguka. Betri iliyochoka ukiipima imepumzika itakudanganya. Usinunue kitu mpaka umepima.

Mkufunzi, Tunguu

Ninakubaliana na ndugu yangu fundi kwamba betri zipimwe, lakini betri haichagui kona. Betri dhaifu ingeipoteza roboti leo hapa, kesho pale, na mara nyingi zaidi kadiri muda unavyokwenda. Mwalimu ametueleza kwamba asubuhi ilipotea mara nne mahali pamoja, na mchana ikapapita mahali hapo na kupotea upande mwengine. Kitu gani ndani ya ukumbi kilikuwa upande mmoja asubuhi na kikahamia upande wa pili baada ya Adhuhuri? Mwalimu, kona ya pili haikuwa karibu na madirisha ya mashariki?

Kihisi cha TCRT5000 kina vitu viwili: taa ndogo inayotoa miale ya infraredi (mwanga usioonekana kwa macho), na transista inayopokea miale ile inaporudi kutoka chini. Nyeupe inarudisha miale mingi, nyeusi inarudisha michache. Kwa namna moduli zake zinavyofungwa kwa kawaida, Arduino husoma namba ndogo juu ya nyeupe na namba kubwa juu ya nyeusi, kati ya 0 na 1023. Sasa, jua nalo limejaa infraredi. Roboti inapoingia kwenye kipande cha sakafu kilichopigwa na jua, miale ya jua inaingia kwenye transista kwa pembeni, na hata juu ya mstari mweusi transista inapokea miale tele kama kwamba iko juu ya nyeupe. Namba ya nyeusi inaporomoka. Macho yote matatu yanaona weupe mtupu, na bila shaka programu yenu imeambiwa kwamba vihisi vyote vikiona weupe roboti izunguke kuutafuta mstari. Kwa hiyo ile pia mliyoiona ni roboti inayotii amri, na yule mwanafunzi wa kidato cha tatu hana kosa.

Mazoezi yenu yote yamefanyika jioni, ndani ya maabara, wakati ambao jua halina nguvu ya kuingia. Hamkupata nafasi ya kuliona tatizo hili.

Dawa yake ni ya bei ndogo. Kateni manila nyeusi, izungushieni pua ya roboti mithili ya sketi inayokaribia kugusa ubao, ili mwanga wa pembeni usifike. Angalieni pia urefu wa vihisi kutoka chini: kifaa hiki kinafanya kazi vizuri zaidi kikiwa milimita 2.5 kutoka kwenye kitu kinachotazamwa, na kikifika milimita 15 kimeshafika ukingoni mwa uwezo wake. Wengi hukifunga juu mno kwa kuogopa kisikwaruze. Utepe mweusi wa mafundi umeme nao una mng'aro. Ukipigwa na jua hurudisha mwanga kama kioo, kwa hiyo jaribuni na utepe ule ule utakaotumika siku ya mashindano, si wa kwenu.

Watu watakushauri roboti ijipime yenyewe kabla ya kuondoka, igeuke kushoto na kulia juu ya mstari, ikumbuke namba kubwa na namba ndogo, kisha ijiwekee kizingiti katikati, yaani namba inayotenganisha nyeupe na nyeusi. Ni ushauri mzuri na mimi huufuata, lakini peke yake hautakusaidieni, kwa sababu roboti itajipima kivulini pale inapoanzia na itakutana na jua njiani. Sketi kwanza, kujipima baadaye. Kama roboti itabakia na namba moja ya kizingiti iliyoandikwa ndani ya programu tangu mwezi wa kwanza, itawapotea tena ukumbi mwengine.

Jambo moja la kuwafurahisha wanafunzi: macho yetu hayaioni infraredi, lakini kamera za simu nyingi, hasa ile ya mbele, huiona. Waelekezee vihisi kwenye kamera na wataona taa zikiwaka kwa rangi ya zambarau hafifu. Kihisi ambacho taa yake haionekani wakati za wenzake zinaonekana, hicho ndicho cha kubadilisha. Kubadilisha vyote bila ya kupima ni kupiga ramli.

Mshiriki wa Zamani, Michenzani

Waalimu wangu wamemaliza upande wa vifaa. Mimi nimeshiriki mashindano ya aina hii nikiwa mwanafunzi, na ninaomba kumuuliza mwalimu swali moja: hivyo vipimo atavifanya nani? Ninauliza kwa sababu nimesoma "tuliirudisha" na "tulipojaribu", na sikufahamu mkono ulikuwa wa nani.

Katika mashindano mengi mwalimu hukaa nje ya kamba. Kwa mfano, katika FIRST LEGO League mzunguko mmoja wa mchezo wa roboti ni dakika 2 na sekunde 30, na wanaosimama mezani ni wanafunzi wachache tu kwa wakati mmoja, wala mwalimu hawezi kusogea kunong'ona. Baadaye majaji huwaita wanafunzi kando na kuwauliza kwa nini walijenga hivi na si vile. Kundi letu lilikuwa na mtaalamu mmoja aliyejua kila kitu, na wengine sisi tulikuwa wabeba mikoba. Jaji alipomuuliza msichana aliyekaa pembeni kizingiti ni nini, alitazama chini. Yule mtaalamu alitaka kujibu kwa niaba yake akazuiwa. Nadhani tulipoteza zaidi katika chumba kile kuliko mezani.

Kwa hiyo kama mtapima namba za jua na kivuli, mpe daftari mmoja ambaye hajawahi kugusa programu, aandike yeye, na achore yeye jadweli. Huyo mwandishi wa programu asome namba tu kwa sauti.

Na kwa kuwa mnavuka bahari: nyaya za kuchomeka hulegea kwa mtikisiko, na mawimbi ya Nungwi hayamhurumii mtu. Sisi tuliiweka roboti ndani ya ndoo ya plastiki yenye kifuniko, tukaizungushia khanga mbili, na bado tulipofika waya mmoja wa mota ulikuwa umechomoka. Tulipoteza nusu saa kuutafuta. Pigeni picha ya nyaya zote kabla ya kufunga safari, na zile zisizohitaji kuchomolewa zilehemuni kwa risasi.

Mwalimu wa Fizikia, Wete

Ahsanteni sana, na ninaomba radhi kwa kuchelewa kurudi. Swali la mshiriki wa zamani limenigusa pabaya, kwa sababu mkono ulikuwa wangu. Jana nilikaa kwenye kiti nyuma ya darasa na kuwaachia.

Tulifungua madirisha ya maabara saa nne asubuhi, tukausogeza ubao mpaka nusu yake ikapigwa na jua. Msichana mmoja wa kidato cha pili aliandika. Kivulini, nyeupe ilisoma 60 na nyeusi 780. Juani, nyeupe ilisoma 40 na nyeusi ikasoma 150. Kizingiti kilichoandikwa ndani ya programu ni 400. Aliyekuwa akiandika aliinua kichwa kabla ya yeyote akasema, "Basi juani hakuna nyeusi." Mwandishi wa programu, ambaye hakuwa amezungumza tangu Jumamosi, alicheka mpaka akakaa chini.

Vihisi vilikuwa milimita 14 kutoka chini. Mimi ndiye niliyeshauri viwe juu. Wamevishusha mpaka milimita 4, kwa sababu ubao wetu una mabonde na chini ya hapo vinakwaruza, na wamekata sketi kutoka kwenye jalada jeusi la faili. Nyeusi juani sasa inasoma 610. Roboti imepita kwenye jua mara tisa katika mara kumi. Ile ya kumi sketi ilinasa kwenye ukingo wa utepe ikaisukuma roboti pembeni, kwa hiyo leo wanapunguza ncha zake za mbele kwa mkasi.

Kwa upande wa betri, fundi naye hakukosea. Tunatumia betri nne za kalamu na bodi ile ile uliyoitaja. Zikipumzika zilisoma volti 5.8, na magurudumu yalipozunguka zikashuka mpaka 4.6. Arduino haizimi, lakini roboti hupanda kilima kidogo cha mwisho kwa shida ikiwa imebeba kopo. Wazazi nimewaambia wasichange fedha za kamera. Je, fedha kidogo tulizonazo tuzitie kwenye betri?

Fundi Umeme, Mlandege

Tia kwenye betri mwalimu. Chukua betri mbili za lithiamu za aina ya 18650, zifungwe kwa kufuatana pamoja na bodi yake ya ulinzi. Zitakupa volti 7.4, bodi nyekundu itakula zake 2, na mota zitapata kiasi cha volti 5 na ushei, ambacho mota zile za njano za plastiki zinakistahamili. Zikijazwa kabisa zinafika 8.4, kwa hiyo siku ya kwanza roboti itakwenda mbio kuliko mliyoizoea na itaruka kona. Msishtuke, wala msilaumu vihisi tena. Kasi ndani ya programu ipunguzwe, na ipimwe upya betri zikiwa zimejaa na pia zikiwa nusu. Fanyeni wiki hii, msingoje mpaka siku mbili kabla ya safari. Na kuhusu hilo la betri kutochagua kona, mkufunzi amenishika, ninakubali.

Mwalimu wa Fizikia, Wete

Betri zitanunuliwa kesho. Alkhamisi tumeomba ukumbi ule ule wa Chake Chake, saa nne asubuhi na saa nane mchana, madirisha yakiwa wazi. Daftari atakuwa nalo mvulana wa kidato cha kwanza, ambaye mpaka leo kazi yake ilikuwa kubeba kopo.