Kanopi kwenye pikapu ya mizigo: inafaa, au turubai linatosha?

Mwenye Duka, Uyole

Ndugu zangu, salamu kutoka Uyole. Nina Toyota Hilux ya dabo kebini ambayo kazi yake kubwa ni kupeleka mbegu, mbolea na viuatilifu kwa wauzaji wadogo wa Chimala, Matamba na upande wa Tukuyu, na inapowezekana kurudi na mazao ili gari lisirudi tupu. Mpaka sasa nafunika mzigo kwa turubai na kamba. Tatizo ni kwamba mvua zinapoanza Novemba ndipo na mahitaji ya mbolea yanapopanda, na urea iliyopata unyevu huganda kiasi cha mkulima kuikataa hata ukimwonyesha kwamba mfuko haujafunguliwa.

Ninafikiria kufunga kanopi, yaani paa gumu lenye pande na vioo linalofunika bodi ya nyuma ya pikapu. Fundi mmoja amenipa bei ya kunichomelea ya chuma, na nimeona pia za faiba zilizokwishatumika, ambazo zinapendeza zaidi lakini bei zake ziko juu. Kabla sijatoa fedha ningependa kusikia kutoka kwa watu wanaozitumia katika barabara zetu, na si za lami peke yake. Je, usalama wa mzigo unaongezeka kwa kiasi kinachostahili gharama hiyo? Uzito, ulaji wa mafuta na utulivu wa gari kwenye kona vinaathirika vipi? Na je, kanopi ikishafungwa, gari bado linafaa kwa kazi nyingine za pikapu?

Fundi Bodi, Mafinga

Ndugu Mwenye Duka, nianze na uzito, kwa kuwa ndio ambao wateja wengi hawauulizi mpaka springi za nyuma zimeanza kulala. Bati la chuma la unene wa milimita 1 lina karibu kilo 7.85 kwa kila mita ya mraba. Kanopi ya gari kama lako, ukijumlisha paa, pande zote mbili, mbele na nyuma, hula mita za mraba 5 hadi 6 za bati, kwa hiyo ukitumia bati la milimita 1.5 tayari umefika kilo 60 hadi 70 kabla hujaweka fremu, vioo, bawaba na rangi. Ikikamilika ni rahisi sana kuvuka kilo 100, yaani mifuko miwili ya mbolea ambayo gari litaibeba kila siku, hata siku unayokwenda kanisani. Uzito huo unatoka katika uwezo uleule wa kubeba ulioandikwa na mtengenezaji. Hakuna springi inayojua kwamba hizi ni kilo za kanopi na zile ni za mzigo.

Alumini ina uzito wa takriban theluthi moja ya chuma kwa ujazo uleule, lakini uchomeleaji wake unahitaji mashine na mkono tofauti, na si kila karakana yenye mashine ya kuchomelea inaweza kazi hiyo. Faiba iko katikati: ni nyepesi kuliko chuma, haipati kutu, na ikipasuka hurekebishwa kwa matabaka mapya ya nyuzi na gundi yake. Udhaifu wake ni pembe za madirisha na sehemu zinazobanwa na boliti, ambako mitikisiko ya muda mrefu huanzisha nyufa, hasa fundi akikaza nati kupita kiasi akidhani anaimarisha.

Jambo moja ambalo sitaki lipite: kwenye pikapu, kebini na bodi ya nyuma ni vitu viwili vilivyokaa kila kimoja peke yake juu ya chesisi, na kwenye barabara mbovu kila kimoja hucheza kivyake. Kanopi isiunganishwe na kebini hata kidogo. Acha nafasi, na kama unataka raba ya kuzuia maji kati yake, iwe laini inayojikunja. Nimeletewa magari ambayo keria moja imefungwa miguu ya mbele juu ya kebini na ya nyuma juu ya kanopi; paa la moja kati ya viwili hivyo lazima lipasuke, na mwenye gari hulaumu faiba.

Viazi vya Makete

Mimi nitasema tofauti, nanyi mnivumilie. Kwa anayebeba mazao, kanopi ni kujifungia mlango. Gunia la viazi likisimama hupita ukingo wa bodi, na zile lumbesa, magunia yaliyojazwa kupita kipimo, ambazo sote tunajua zimekatazwa lakini tunazikuta shambani zimeshashonwa, haziingii chini ya kanopi kabisa isipokuwa uzilaze, na ukizilaza unapoteza nafasi. Halafu kuna suala la upakiaji. Bodi iliyo wazi hupakiwa kutoka pande tatu, na wapakiaji wawili huisha kazi upesi. Yenye kanopi hupakiwa kutoka nyuma peke yake, na gunia la kwanza lazima mtu alisukume akiwa amepiga magoti ndani. Bodi ya dabo kebini ina urefu wa kama mita 1.5 tu, lakini jaribuni kulitoa gunia la mwisho kule mbele mkiwa mmechoka na mvua inanyesha.

Ninachotumia ni mabomba ya chuma yaliyokunjwa kama upinde, yanayochomekwa kwenye soketi zilizofungwa kwenye pande za bodi, kisha turubai zito juu yake. Turubai likikazwa vizuri mvua haingii kutoka juu, na siku ya kubeba mbao za futi 12 nayang'oa mabomba yote na kuyaacha nyumbani. Mwenye kanopi siku hiyo huazima gari la jirani. Nakiri kwamba kamba lazima zikaguliwe njiani, maana upepo wa Makambako hauna adabu na turubai lililolegea hujichana lenyewe mpaka linakuwa matambara.

Muongoza Wageni, Iringa

Kwa upande wetu tunaopeleka wageni Hifadhi ya Ruaha, adui mkubwa kuliko mvua ni vumbi, na hapa watu wengi wanaonunua kanopi hushangaa kukuta mizigo imekuwa myekundu ndani ya chombo walichoamini kimefungwa. Sababu ni kwamba gari likienda, nyuma yake hubaki hewa yenye mgandamizo mdogo, na vumbi linaloinuliwa na magurudumu huvutwa kuingia kupitia kila upenyo wa mlango wa nyuma wa bodi, ambao kiwandani haukutengenezwa kuzuia vumbi kwa sababu ulikusudiwa kuwa wa bodi iliyo wazi. Dawa yake ina sehemu mbili. Kwanza ziba pembe za mlango huo kwa raba, pamoja na zile nafasi za chini karibu na bawaba. Pili, weka tundu la hewa lenye kichujio mbele ya paa la kanopi, ili hewa inayoingia ijaze ndani na kusukuma kwenda nje badala ya vumbi kunyonywa kutoka nyuma. Tundu hilo liwe na kifuniko cha kufunga mvua inapokuja.

Kuhusu mafuta, usitegemee akiba wala usiogope hasara kubwa. Kanopi iliyolingana na kimo cha kebini hulainisha kidogo mwendo wa hewa juu ya gari, lakini uzito wake unarudisha sehemu ya faida hiyo kila unapopanda mlima, na huku kwetu tunapanda mlima muda mwingi. Yule anayeshusha mlango wa nyuma akiamini anapunguza ulaji wa mafuta hafaidiki pia: mlango ukiwa umefungwa, hewa huzunguka ndani ya bodi na kutengeneza kama mto ambao upepo wa juu huteleza juu yake, na ukiushusha unaliharibu umbo hilo.

Kwenye kona, kanopi tupu haisumbui sana. Kinachosumbua ni kile ambacho watu huweka juu yake baada ya kuona kwamba pana nafasi: matairi ya akiba, madumu ya maji, mahema. Kilo zilizo juu ya paa hubadilisha gari kabisa unaposhuka Kitonga nyuma ya lori linalofunga breki kila dakika, na vilevile kwenye ile njia yako ya Chimala kwenda Matamba yenye kona 57.

Mwenye Duka, Uyole

Nawashukuru. Hoja ya lumbesa imeniingia, ingawa viazi kwangu ni mzigo wa kurudi nao tu, na sirudi navyo kila mara. Nina maswali mawili zaidi. Mara nyingine vijana wa kupakia hupanda nyuma. Je, ndani ya kanopi si watakuwa salama zaidi kuliko nje? Na je, parachichi zinaweza kusafiri ndani ya kanopi bila kuharibika?

Mama Parachichi, Tukuyu

Mwanangu, hilo la vijana liache kabisa. Watu wakiona paa na vioo wanadhani wamepata basi, na nimeona kwenye misafara ya misiba watu wamejazana ndani ya kanopi hadi kioo cha nyuma hakifungiki. Ile nguvu aliyoieleza mwenzetu wa Iringa, inayovuta vumbi, ndiyo hiyohiyo inayovuta moshi wa ekzosi. Kioo cha nyuma kikiwa wazi na madirisha ya pembeni yamefungwa, moshi huingia na kukaa, na hewa ya kaboni monoksaidi iliyomo haina rangi wala harufu. Anayeivuta husinzia tu, na wenzake hudhani amechoka na safari. Ongeza na viuatilifu unavyobeba, mvuke wake ukiwa umefungiwa humo. Vijana wakae kwenye kiti cha nyuma cha kebini. Gari lako ni la milango minne, na kiti hicho kipo kwa ajili ya watu.

Parachichi husafiri vizuri katika kanopi ikiwa ina madirisha ya pembeni yanayofunguka au matundu ya hewa. Tunda lililokwisha chumwa linaendelea kupumua, linatoa joto na linatoa gesi ya ethilini, ambayo ndiyo inayoyaivisha mengine. Ukilifungia kwenye faiba iliyopigwa na jua la mchana, ukasimama sokoni Mwanjelwa kwa saa kadhaa ukisubiri mnunuzi, utakuta yaliyokuwa magumu yameanza kulainika. Pakia kwenye kreti, si kwenye magunia, uache nafasi ya hewa kati ya kreti na paa, na usafiri mapema asubuhi. Usichanganye safari hiyo na viuatilifu, na bodi ioshwe kabla ya kupakia chakula.

Kwa mvua za huku, ambazo kwa mwaka hupita milimita 2,000, mimi singerudi kwenye turubai. Turubai huzuia mvua. Haliwazuii wale wanaopitisha mkono chini yake gari likiwa limesimama kwenye foleni. Ila hata kanopi angalia kufuli zake. Nyingi zina kufuli kwenye kioo cha nyuma tu, huku mlango wa chini wa bodi ukifunguka kwa mpini wake wa kawaida, kwa hiyo mwizi haangaiki na kioo. Mlango huo uwe na kufuli lake.

Viazi vya Makete

Hapo kwenye foleni Mama amenishinda. Kwa mbolea na dawa, zenye thamani kubwa kwenye mfuko mdogo, nakubali kufuli lina maana kuliko turubai langu. Kwa viazi bado sijabadilika.

Fundi Bodi, Mafinga

Tukiutazama mzigo wenyewe, nadhani jibu la ndugu yetu linaonekana. Tani 1 ya mbolea ni mifuko 20 ya kilo 50, na ikipangwa vizuri kwenye bodi ya dabo kebini inapita ukingo kidogo tu; maana yake gari linafika kikomo cha uzito kabla halijafika kikomo cha nafasi. Kwa mzigo wa namna hiyo kimo cha kanopi hakikubani. Angekuwa anabeba pareto kavu, ambayo ni nyepesi na hujaza nafasi upesi, ningemwambia abaki na mabomba. Basi kwake ningechagua faiba iliyotumika yenye madirisha ya pembeni yanayonyanyuka, kuliko chuma kizito kipya.

Unapokwenda kuitazama, chukua futi ya kupimia na upime bodi yako kwanza, urefu na upana juu ya ukingo, mbele na nyuma, kwa sababu matoleo ya Hilux ya miaka tofauti hayalingani, na kanopi iliyokosea kwa sentimita 2 itavuja hata ukiijaza silikoni. Gonga kwa vidole kuzunguka madirisha. Sauti ikibadilika kuwa nzito au kavu ghafla, kuna tabaka limeachana ndani. Uliza kama ina taa yake ya breki juu, kwa kuwa kanopi inaweza kuificha taa ya breki iliyo nyuma ya kebini, na dereva wa lori aliye nyuma yako huitazama hiyo.

Katika kuifunga, mwambie fundi atumie vibano vinavyoshika ukingo wa bodi kwa ndani bila kutoboa. Akilazimika kutoboa, kila tundu lipakwe rangi ya kuzuia kutu kabla boliti haijaingia, la sivyo kutu itaanzia hapo na utaiona imekwishakula ukingo. Weka raba nene kati ya kanopi na bodi kwa mzunguko wote, na baada ya safari ya kwanza kwenye njia ya changarawe vibano vyote vikazwe upya, kwa sababu raba mpya hulala na kuviacha vimelegea. Kampuni yako ya bima nayo iarifiwe kwa maandishi na bei ya kanopi itajwe, maana kisichotajwa kwenye mkataba ni vigumu kukidai likitokea la kutokea. Hayo mabomba ya ndugu yangu wa Makete unaweza kuyatengeneza pia kwa ajili ya miezi ya kiangazi, kwani watu wanne wakishika pembe, kanopi ya faiba huvuliwa na kuwekwa chini ya banda mpaka Novemba, mradi isiegemezwe kwenye vioo.