Babu anataka kuingia ziwani na wajukuu likizo hii, naombeni ushauri

MamaWawili, Tororo

Ndugu zangu, habari za jioni. Naomba mawazo yenu kabla shule hazijafungwa. Wanangu wawili, wa kiume ana miaka tisa na wa kike sita, wanaenda likizo kwa babu yao Majanji, huku Busia ya Uganda, kwenye Ziwa Victoria. Mzee ni mvuvi tangu ujana wake. Anavua ngege (sato) na sangara kwa mshipi, na boti yake ni ya mbao, futi 28 kama sheria inavyotaka, ina injini. Ameshawaahidi wajukuu kwamba safari hii wataingia naye majini. Kijana wangu halali, kila jioni ananiuliza sangara anakula nini.

Sitaki kuwanyima. Nataka waijue kazi iliyomsomesha baba yao. Lakini mimi ni mtu wa milimani, kuogelea sijui, na watoto pia hawajui. Sote tunaikumbuka ile boti ya starehe, MV Templar, iliyozama upande wa Mukono Novemba 2018, watu zaidi ya 30 wakafa, tena si mbali na ufuo. Nikiiwaza moyo unanienda mbio.

Naomba kujua: wa miaka sita aende au abaki? Jaketi la kuokolea nitalijuaje lililo zima? Kichocho nacho? Na la mwisho ndilo gumu: huyu ni baba mkwe wangu, siwezi kusimama mbele yake nikampangia masharti. Nifanyeje?

Mvuvi_wa_Mwalo

Mama, shikamoo, na asante kwa kuuliza mapema. Mimi nafanya kazi kwenye mwalo, yaani ufuo wa boti za wavuvi, upande huohuo wa ziwa, kwa hiyo nakwambia ninayoyaona kila siku.

La kwanza kabisa: ndani ya boti awepo mtu mzima ambaye kazi yake ni mtoto tu. Asishike mshipi, asishike injini, asitege chambo. Mzee akiwa anavuta sangara wa kilo kumi, macho yake yote yako kwenye maji, na hapo ndipo mtoto husimama ili naye aone. Boti ikilala upande mmoja, anakwenda. Na mjue kwamba mtoto anayezama hapigi kelele. Mdomo uko majini, pumzi ya kuita haipo. Ukigeuka kumtafuta kwa sababu kumekuwa kimya, umeshachelewa. Kwa hiyo watoto wawili, watu wazima wawili wa kuwaangalia, bila kumhesabu anayeendesha. Kama hao watu hawapo, aende mtoto mmoja leo na mwingine kesho.

La pili ni saa. Mchana jua linapasha nchi kavu kuliko maji, upepo unatoka ziwani kuja pwani, na mawimbi yanapanda kadiri jioni inavyokaribia. Usiku mambo yanageuka: ziwa ndilo lenye joto, pepo za kutoka nchi kavu zinakutana huko katikati, mawingu yanapanda. Ndiyo maana radi kali za Victoria ni za usiku na alfajiri. Kwa watoto, subirini jua litoke, mtazame upande wa ziwa vizuri. Kukiwa na wingu jeusi lenye kitako bapa, au ukasikia ngurumo hata ya mbali, hakuna safari. Kukiwa kweupe, ingieni saa moja, na saa nne muwe mmeshavuta boti mchangani. Msiende mbali, mkae mahali ambapo mtu aliye ufuoni anaweza kuwaona na kuwapungia mkono. Ngege wanapatikana hukohuko karibu na matete. Ila matete yenyewe msiyaingie na watoto: viboko na mamba hupenda kujificha humo na chini ya gugu maji.

Watoto wakae chini, sakafuni katikati ya boti. Wasikae kwenye ubao wa pembeni wala kule mbele. Na tafadhali, mtu asije akamfunga mtoto kamba kwenye boti. Nimewaona wanaofanya hivyo kwa nia njema. Boti ikipinduka, kamba hiyo inamshika mtoto chini yake.

Okello_K

Dada, usijisumbue sana. Sisi tulikulia ziwani, tulianza kupiga kasia na miaka saba, jaketi hatukulijua. Mtoto anajifunza kwa kuingia. Mwache mzee na wajukuu wake.

Nesi_Mstaafu

Mwanangu Okello, nakuheshimu, lakini hapa wanaoandika ni wale waliorudi. Nimefanya kazi kwenye vituo vya afya vya visiwani na nimewapokea ambao hawakurudi salama. Mtoto wa mvuvi anayajua maji tangu hajatembea. Hawa ni watoto wa mjini, hawajawahi hata kusimama kwenye maji ya kiunoni. Huwezi kuwapima kwa kipimo chako.

Mama, nianze na jaketi. La mtoto lina kilo zimeandikwa ndani, kwa hiyo wapime watoto uzito kabla hujaenda kununua. La mtu mzima halimfai mtoto hata ukilikaza namna gani: akiingia majini linapanda juu na yeye anateleza kwenda chini. Ukishamvika na kufunga vifungo vyote, mwambie anyooshe mikono juu, halafu wewe shika jaketi mabegani ulivute kwenda juu kwa nguvu kidogo. Likipita kidevu, hilo si lake. Kwa wa miaka sita tafuta lenye mkanda wa kupita katikati ya miguu, na lenye kola nyuma ya kichwa, maana kola ndiyo inayoshikilia uso usizame.

Kuna majaketi yanauzwa bei rahisi, ndani yametiwa sponji ya godoro. Sponji hiyo inakunywa maji. Chukua beseni, kandamiza kona ya jaketi ndani ya maji, uachie, ukandamize tena, kisha liinue. Likiwa limekuwa zito, au likamimina maji kama kitambaa cha kudekia, lirudishe dukani. Zuri linaruka juu lenyewe kila ukiliachia.

Halafu siku ya kwanza wasiende kuvua. Wavike, waingie na mtu mzima kwenye maji ya kifuani mahali penye usalama, walale chali, waone jinsi linavyowabeba. Mtoto ambaye hajawahi kuelea na jaketi, siku ya ajali analipiga teke na kujaribu kulivua.

Na msiwavalishe gambuti ndani ya boti. Zikijaa maji, miguu haiinuki.

MamaWawili, Tororo

Mama Nesi, Mungu akubariki. Hilo la gambuti nilikuwa nimeshaziweka kwenye orodha ya kununua. Na ikitokea ameanguka na ametolewa hapumui? Kwetu wanamning'iniza kichwa chini maji yatoke.

Nesi_Mstaafu

Usikubali mtu amning'inize, wala asimkandamize tumbo, wala asimviringishe juu ya pipa. Unapoteza dakika ambazo ubongo hauna hewa, na ukikandamiza tumbo anatapika na matapishi yanaingia kwenye mapafu.

Mlaze chali mahali pagumu. Inua kidevu, kichwa kirudi nyuma kidogo. Bana pua, ziba mdomo wake kwa mdomo wako, mpulizie pumzi tano, kila moja mpaka uone kifua kimepanda. Aliyezama amekosa hewa, kwa hiyo hewa ndiyo inatangulia. Asipozinduka, kandamiza katikati ya kifua mara 30, haraka, kisha pumzi mbili, na uendelee hivyo bila kupumzika huku mwingine anapiga 999 au 112. Akizinduka, bado apelekwe hospitali siku hiyohiyo, hata kama anaomba soda. Mapafu yanaweza kusumbua saa kadhaa baadaye.

Mwite mtu wa Msalaba Mwekundu au nesi wa karibu awaonyeshe kwa mikono kabla ya likizo, wewe na mumeo. Kusoma tu hakutoshi.

Mgisu_wa_Kaskazini

Salamu kutoka Finland. Mimi ni wa Mbale, huku nimekuja na kazi. Wakati wa baridi maziwa yanaganda, na watu wanakwenda kuvua juu ya barafu pamoja na watoto wadogo kabisa. Mwanzo niliona ni wazimu, mpaka nilipoona wanavyojipanga.

Mtu mzima anatangulia peke yake na mtaimbo wa chuma, anaigonga barafu kila hatua chache, mtoto yuko nyuma amesimama nchi kavu. Barafu ikiwa ngumu, ile safi isiyo na theluji ndani yake, inatakiwa ifike sentimita kumi ndipo mtu atembee. Ikipungua, wanarudi nyumbani, na hakuna anayenung'unika. Wanakwepa midomo ya mito, chini ya madaraja na penye matete, maana hapo inakuwa nyembamba. Mtoto anavaa jaketi la kuelea juu ya nguo za baridi, na shingoni ana vishikio viwili vyenye ncha za msumari, ili akitumbukia avichomeke kwenye barafu na kujivuta atoke. Matundu ya kuvulia yanawekewa alama, kwa sababu mguu wa mtoto unaingia humo.

Nimeyaandika haya kwa sababu ya lile la kurudi nyumbani. Mwambieni mtoto kabla ya kutoka kwamba huenda mkafika mwaloni mkageuza. Akishajua hivyo, halii, na babu hashawishiki kuingia kwa ajili ya kumridhisha mjukuu.

Binti_wa_Samia

Da' mkubwa, kuhusu baba mkwe: usiongee naye wewe. Mume wako apige simu, na asianze na masharti. Aseme, "Baba, watoto hawa ni wako, wafundishe ziwa. Mimi naleta majaketi matano, na la kwako limo." Mzee akilivaa yeye kwanza, wajukuu hawatabisha. Mama mkwe naye ajulishwe pembeni, maana yeye ndiye atakayesema "leo hapana" na akasikilizwa.

Wa miaka sita mimi ningemwacha ufuoni safari hii. Mpe ndoana ndogo, avue akiwa mchangani na nyanya yake. Lile jino la ndoana linaloizuia isichomoke, likandamizeni kwa koleo lilale, ili ndoana ikimchoma itoke bila kuchana nyama. Na mmzoeze kuangalia nyuma kabla ya kurusha mshipi, macho ya watu yako hapo.

Mvuvi_wa_Mwalo

Naunga mkono la huyo mdogo kubaki. Na ndani ya boti wekeni jerikeni tupu la lita 20, limefungwa vizuri, lina kamba ndefu. Mtu akianguka arushiwe hilo, mtu asiruke kumfuata. Boti ikipinduka ishikeni, msiiache mkaogelea. Mbao inaelea na inaonekana kutoka mbali.

MamaWawili, Tororo

Baba yao amekubali kupiga simu Jumamosi. Binti yangu atalia, lakini atabaki na nyanya. Limebaki la kichocho.

Nesi_Mstaafu

Konokono wanaobeba kichocho wanaishi kwenye maji ya ufuoni yenye majani, na vidudu wanavyotoa ni vingi zaidi karibu na mchana jua likiwa kali. Vinapenya ngozi kwa dakika chache. Kwa hiyo wale wa boti wabebwe mgongoni mpaka ndani, wasitembee majini, na binti asichezee maji penye majani. Hata ile siku ya kujaribu majaketi, chagueni bwawa la kuogelea lenye dawa huko mjini badala ya ziwa.

Akilowana, mfute kwa taulo palepale. Dawa ni prazikwanteli, inatolewa kwa uzito wa mtoto. Ila usimkimbize kituoni wiki wanayorudi: dawa hiyo haiui minyoo michanga. Subiri kama wiki sita mpaka nane, apimwe choo, ndipo apewe. Akipata homa, kikohozi au kuwashwa kabla ya hapo, mpeleke na umwambie daktari kwamba alikuwa Majanji.

MamaWawili, Tororo

Nimeandika yote kwenye daftari. Kesho nawapima kilo, kisha naenda Busia na beseni langu.