Kaulimbiu ya dona: kwa nini ikitafsiriwa inapooza?

MashineYaDona:
Wakuu, naomba msaada. Kiwanda kidogo cha dona Morogoro kinaanza kufungasha mifuko ya kilo 2, 5 na 25. Mbunifu aliandika kaulimbiu kwa Kiingereza kwanza, kisha akaitafsiri: "Ladha Safi kwa Ajili ya Familia Yenye Nguvu". Kwenye karatasi haina kosa, ila ikisomwa redioni inapooza. Tatizo ni tafsiri au wazo lenyewe? Na tuipimeje kabla ya kuchapa mifuko?

KalamuKavu:
Vyote viwili, mkuu. Hesabu mizani, yaani silabi, usihesabu maneno. Hiyo yenu ina mizani 17, na "kwa ajili ya" imekula 5 bila kuuza chochote. Angalia Tusker kule Kenya: "Bia yangu, nchi yangu". Bi-a ya-ngu, n-chi ya-ngu, 4 kwa 4. Hicho ni kipande kamili cha shairi, mizani 8, na sikio la Mswahili limelelewa na kipimo hicho. Benki ya CRDB wana "Ulipo Tupo", mizani 5 tu, "-po" inagonga mara mbili, na "ulipo" peke yake imebeba mtu na mahali. Mkivuka 10 mnajitafutia taabu.

Ukiona "yenye", "ambayo" au "kwa ajili ya" ndani ya kaulimbiu, jua ilizaliwa katika lugha nyingine. Anzeni na kauli ya mlaji. Mtu akisifia dona hasemi "ladha safi", anasema ugali wake unakaa tumboni. Basi: "Unakaa Tumboni". Mizani 7.

Ngeli_na_Nahau:
Wazo la KalamuKavu ni zuri, ila hapo kuna mtego. "U-" ya ugali na "u-" ya wewe ni sauti moja. Asiyeuona mfuko atasikia kwamba yeye ndiye anayeishi tumboni! Mkiongeza "ugali" mbele mnafika mizani 10 na mwendo unakuwa mzito.

Geuzeni "u-" iwe ya mlaji kabisa: "Ukila, Umeshiba". Mizani 7. Nguvu yake iko kwenye "-me-". "Utashiba" ni ahadi, na ahadi mnunuzi amezizoea. "Umeshiba" ni jambo lililokwisha. Msijaribu pia kupachika "tu" kwa kuiga "Just Do It" ya Nike. "Fanya tu" kwa Kiswahili inasikika kama ruhusa ya mtu aliyechoka kubishana.

Na msiandike kwamba dona inatibu kisukari. Hilo ni dai la tiba, halina nafasi kwenye lebo ya chakula.

UkutaNaRedio:
Kuhusu kupima. Msomee mnunuzi mara moja tu, dukani, bila kumwonyesha maandishi. Watu 10 wanatosha kuanzia. Rudi kesho yake umuulize mambo mawili: kaulimbiu, na jina la unga. Akikumbuka kaulimbiu akasahau jina, mmewatangazia wasagishaji wote wa mjini. Dawa yake ni kuvifunga pamoja, jina litangulie kaulimbiu kila mara.

Redioni, sekunde 30 za Kiswahili zinabeba maneno 55 hadi 60. Ukijaza 75 mtangazaji atakimbia na neno la mwisho litamezwa. Jina litajwe mara tatu, kaulimbiu ifunge, na kabla yake acheni kimya cha nusu sekunde.

Ukutani, ile ya kwanza ina herufi 36. Kwenye mita 3 kila herufi inapata sentimita 8, hapo bado hujaacha nafasi kati ya maneno. "Ukila, Umeshiba" ina 13, kila moja sentimita 23. Dereva wa bodaboda anaisoma bila kupunguza mwendo.

MashineYaDona:
Nimewaelewa vizuri. Je, kaulimbiu inasajiliwa?

Ngeli_na_Nahau:
Inaombewa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kama alama ya biashara, miaka 7 ya kwanza, kisha unahuisha kila miaka 10. Zanzibar ni ofisi nyingine, BPRA, na ada yake peke yake. Maneno yanayoeleza bidhaa tu, kama "Dona Safi", hukataliwa kwa sababu kila msagishaji anayahitaji. Ombeni jina na kaulimbiu kwa pamoja, na fanyeni upekuzi wa majina kabla hamjalipia plati za kuchapia mifuko.