Tupeane uzoefu: skripti ndogo iliyokuokoa, au iliyokuliza

Fundi wa Terminali:
Wakuu habari za mchana. Huu uzi ni wa skripti. Siongelei mifumo mikubwa ya mamilioni, naongelea yale mafaili ya mistari kumi, ishirini, unaandika kwenye Notepad, unaseva, unaliamuru lifanye kazi ambayo ungeifanya kwa mkono mpaka vidole viote sugu. Mwenye kisa akilete, kiwe cha kazi ya halali au cha shambulio, ila cha shambulio tueleze kilivyofanya kazi na mlivyokibaini, usije kutuwekea mapishi hapa.

Naanza mimi. Nilikuwa na steshenari maeneo ya Changanyikeni, wateja wangu wanafunzi wa chuo, na anayezijua steshenari za chuo anajua flashi zinavyotembea, imechomekwa kwenye mashine yangu imetoka imeenda kwa jirani imerudi. Basi ukaingia ule ugonjwa wa shotikati. Mtu anachomeka flashi anakuta mafolda yake yote yamegeuka shotikati yenye kamshale pembeni, risechi ya mwaka mzima haifunguki vizuri au haionekani kabisa, dada wa watu analia kaunta na kesho ndo anakabidhi. Watu mtaani walikuwa wanafomati, yaani unafuta kila kitu ndo unasema umetibu!

Nikakaa na flashi moja mpaka nikaielewa. Kumbe hakuna faili hata moja lililofutwa. Yamefichwa tu, yamepigwa alama ya kufichwa na juu yake alama ya faili la mfumo, ili hata ukiiambia Windows ionyeshe vilivyofichwa bado isikuonyeshe, halafu pembeni kuna kafaili kamoja kanaishia .vbs, yaani skripti ya Windows. Shotikati ukiibonyeza inafanya mambo mawili, inawasha kale ka .vbs kaingie kwenye kompyuta, halafu inakufungulia folda lako kama kawaida ili usishtuke. Nikakafungua kwa Notepad, ni maandishi tu unayasoma, vurugu yote ya mtaa ule ilikuwa imo kwenye faili lisilofika hata ukubwa wa picha ya pasipoti.

Na dawa nayo ikawa skripti, ndogo zaidi. Faili la .bat, yaani la amri za Windows zinazofuatana, kwanza linaiua wscript, ile programu ya Windows inayoendesha kale kadudu, linafuta .vbs na shotikati, halafu unakuja mstari wenye kazi yenyewe, attrib -h -r -s /s /d, ambao unavua zile alama kwenye kila kitu kilichomo. Mafolda yanarudi mteja akiwa anaangalia. Nikaiweka mashine zote, kijana wangu anabonyeza mara mbili kisha anauliza "kopi ngapi". Wenzangu walikuwa wanachaji hiyo huduma, mimi bure, maana nilitaka waprinti kwangu.

Karibuni.

Mkongwe wa Posta:
Umenikumbusha mbali kijana wangu. Sisi wa zamani .vbs tulianza kuiogopa Mei 2000. Nilikuwa ofisi moja pale Posta, barua pepe bado ni kitu cha heshima, mtu anaprinti barua pepe anaiweka kwenye faili. Asubuhi katibu muhtasi anapokea ujumbe umeandikwa ILOVEYOU kutoka kwa mhasibu mkuu, mzee wa kanisa, mtu asiyecheka na mtu. Ungekuwa wewe usingefungua? Kiambatisho kinaitwa LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs, ila Windows kwa kawaida yake inaficha herufi za mwisho za jina, kwa hiyo unaona TXT unajua ni barua. Ukifungua kinajituma kwa kila aliyemo kwenye kitabu chako cha anwani cha Outlook, picha zako za jpg kinaandika juu yake zinakufa, nyimbo za mp3 kinazificha. Dunia nzima ilipigwa, mpaka Pentagon na Bunge la Uingereza wakazima barua pepe zao kwa muda.

Aliyeandika ni kijana wa Manila, Onel de Guzman, alikuwa anasoma chuo cha kompyuta na alishawahi kupeleka pendekezo la utafiti la programu ya kuiba paswedi za intaneti, walimu wakalikataa. Ufilipino wakati huo haikuwa na sheria inayomgusa, wakatunga sheria mwezi mmoja baada ya shambulio lakini haikuweza kurudi nyuma kumfuata, kesi ikafutwa. Mwaka 2020 ndo akakiri ni yeye, kwamba mwanzoni alitaka paswedi za watu aingie intaneti bure kwa sababu hakuwa na hela ya kulipia. Yaani dunia ililizwa kwa sababu ya bando!

dogo_wa_mjini:
Wakuu shikamooni. Mi naomba tu skripti ya kuingia WhatsApp ya mtu, au ya bando la bure, mwenye nayo aje inbox, hela ipo

Fundi wa Terminali:
Marahaba, kaa pembeni usikilize wakubwa. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kuingia kwenye mfumo wa mtu bila ruhusa faini haipungui milioni 3, au mara tatu ya ulichofaidi kama ni kikubwa zaidi, au jela isiyopungua mwaka 1, au vyote. Na hao wanaouza hizo "skripti" huko mnakonunua, inayoibiwa ni simu yako wewe mnunuzi. Mtu mwenye uwezo wa kuingia WhatsApp ya yeyote hawezi kuuza buku tano.

MamaKikoba Tabata:
Mimi sio mtu wa kompyuta, ni mweka hazina wa kikoba. Kila wiki michango inaingia kwa simu, mimi nakaa na daftari nasoma meseji moja moja nahamishia kwenye karatasi ya Google, usiku mzima, na bado Jumapili anasimama mtu kikaoni anasema "mimi nilituma". Mwanangu akanionyesha kuna sehemu ya kuandika skripti humo humo kwenye karatasi, tukaanza naye kidogo kidogo. Sasa hivi nabandika zile meseji zote kwa pamoja, yenyewe inachomoa namba, jina na kiasi, inapeleka kwenye mstari wa mwanachama, na ambaye hajatoa inampaka rangi nyekundu.

Iliyotusumbua sio hesabu, ni namba za simu. Karatasi inakula sifuri ya mbele, 07 inakuwa 7, wakati kwenye meseji namba imekuja na 255, kwa hiyo mtu mmoja skripti inamuona ni watu watatu tofauti. Tukaiambia ishike tarakimu tisa za mwisho tu, basi ikatulia. Halafu majina! Nusu ya wanawake wa kikoba changu laini zimesajiliwa kwa jina la mume au la mtoto, hela imetoka kwa Hamisi wakati mwanachama ni mama Hamisi. Ikabidi niweke safu nyingine, jina la kwenye laini. Safu hiyo nimeificha maana kuna wengine hawataki ijulikane mchango wanatolewa na nani, na mimi siulizi.

Seva za Bandarini:
Ngoja niwape cha ndani ya nyumba. Kampuni ya clearing, jina kapuni. Kijana wao wa IT aliondoka kwa ugomvi wa malipo, mimi nikaitwa baadaye. Malalamiko: kila mwisho wa mwezi kuna ankara zinapotea kwenye seva, na ukienda kwenye bekapu nazo hazipo. Uongozi wakajua ni virusi, wakanunua antivairasi ya bei mbaya. Haikuona kitu, na isingeona, maana hakukuwa na kirusi.

Nikapiga crontab -l, yaani ile ratiba ya kazi zinazojiendesha zenyewe, nikakuta moja tu, skripti ya bekapu inayokimbia saa nane usiku. Nikaifungua. Juu safi kabisa, inakopi folda la ankara inapeleka diski ya pili, kila mstari una maelezo, jamaa alikuwa anajua kazi. Nikataka kuifunga, nikaona ule ufito wa kuskroli pembeni bado uko juu, faili haijaisha. Nikashuka, mistari mitupu, mitupu, mitupu, chini kabisaaa kuna mistari minne. Inaangalia tarehe, ikiwa 28 inafuta ankara ambazo hazijaguswa kwa muda fulani, halafu inaenda kufuta nakala zake kwenye bekapu. Hakuna aliyewahi kushuka mpaka huko. Na inaendeshwa kwa mamlaka ya mkuu wa mfumo, kwa hiyo kompyuta inaona mwenye nyumba kaamua kutupa vitu vyake.

Nikachukua nakala ya faili na logi kabla ya kugusa chochote, bosi akaenda navyo polisi, huko sijui wameishia wapi. Mimi nilichobadilisha ni kwamba bekapu sasa hivi inaenda sehemu ambayo skripti ina ruhusa ya kuandika lakini haina ruhusa ya kufuta, na anayetaka kufuta aingie kwa mkono wake na jina lake.

Kamera Kariakoo:
Hiyo ya mistari mitupu ni ushenzi wa kiwango cha juu aisee.

Mimi nafunga kamera maduka ya Kariakoo. Tajiri mmoja Mtaa wa Aggrey alikuwa analalamika bando la duka linaisha usiku, na usiku duka limefungwa. Nikaangalia, kinachokula ni ile rekoda ya kamera, inatuma vitu kwa anwani asizozijua mtu. Aliyeifunga mwanzo aliacha paswedi ya kiwandani. Ukiizima ukaiwasha inapona, baada ya muda mfupi inarudi vile vile, ndo nikakumbuka niliyowahi kusoma kuhusu Mirai, ile programu ya mashambulio ya 2016. Ile haikuwa na uchawi, ilikuwa inazunguka intaneti inagonga kila kifaa na orodha ya paswedi za kiwandani kama 60 hivi, kinachofunguka inakisajili jeshini. Inakaa kwenye memori tu, ndo maana ukizima inatoka, ila kama paswedi ni ile ile inagongewa tena. Walioiandika ni vijana wa Marekani wa umri wa chuo, ugomvi wa biashara ya seva za gemu la Minecraft, wakaiachia hadharani, na tarehe 21 Oktoba 2016 makamera na rauta za watu zikatumika kuipiga kampuni inaitwa Dyn, iliyokuwa inaelekeza kompyuta za watu kwenye tovuti wanazotafuta, Twitter na Netflix zikawa hazifunguki kwa watu wengi huko.

Sasa mimi nimeandika kaskripti kangu ka Python kanafanya kitu kile kile, kanagonga vifaa vya wateja wangu kanajaribu paswedi za kiwandani, kikifunguka kananitumia meseji niende nikabadilishe. Wateja wangu tu, waliosaini. Duka la jirani siligongi hata kama naona waifai yake iko wazi.

Mchora Ramani:
Naleta kizuri. Wengi mnaikumbuka Ramani Huria, ilianza 2015, wanafunzi wa Ardhi na UDSM wanapita kata zinazofurika wanachora nyumba, njia na mitaro, vinaingia OpenStreetMap ambayo kila mtu anaweza kuchukua bure. Mimi nikaandika skripti inayovuta mitaro yote ya kata, halafu inatafuta ule ambao mwisho wake haugusi mtaro mwingine wala mto. Inanipa orodha, naenda kwa miguu. Tandale nimekuta mmoja unaishia ukutani mwa choo cha mtu, kabisa, maji ya mvua yote ya mtaa yanapelekwa chooni kwa mzee wa watu, na mwenyewe anakwambia "kila masika tunahama hiki chumba". Mingine sio kwamba imeishia, ni mchoraji alichoka njiani, hiyo unairekebisha tu kwenye ramani.

Nyongeza kwa wanaoanza: mwenzetu mmoja skripti yake haikuwa na kupumzika, ikawa inaiomba seva data mfululizo bila hata sekunde ya kupumua, seva ikamfungia. Alikasirika, eti mimi nasaidia jamii. Seva inajuaje?

Shemeji wa Sinza:
Jamani kuna hii inakuja kwa kasi. Wifi yenu ni katibu ofisi moja Sinza, alikuwa anatafuta fomu mtandaoni, ukurasa ukamwambia thibitisha wewe sio roboti, kawaida tu. Ila badala ya kuchagua picha za taa za barabarani unaambiwa bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R (hapo kinafunguka kiboksi cha kuendesha amri), kisha Ctrl na V, kisha Enter. Akanipigia kuuliza R iko wapi maana kwenye kibodi yake imefutika, namshukuru Mungu kwa kibodi mbovu. Nikamwambia usibandike huko, fungua Notepad ubandike hapo unisomee. Akaanza, "powershell... halafu kuna maherufi mengi hayasomeki". Ukurasa ulishamuwekea amri kwenye kopi bila yeye kukopi kitu, akigonga Enter anakuwa kaiendesha mwenyewe, na antivairasi nyingine inakaa kimya maana mwenye mashine ndo kaagiza.

MamaKikoba Tabata:
Shemeji subiri hapo hapo. Hiyo nimeionaga mimi juzi na nilibonyeza mpaka mwisho, ikatokea dirisha jeusi likapotea. Nafanyaje? Kikoba chote kiko kwenye hiyo laptopu.

Fundi wa Terminali:
Mama, sasa hivi zima waifai ya hiyo laptopu, usiitumie kulogini popote. Chukua simu, tena tumia data ya simu, badilisha paswedi ya Gmail kwanza, halafu kwenye mipangilio ya usalama ya akaunti yako toa vifaa vyote vilivyologiniwa, kwa sababu hao wanaiba na ile ruhusa ya kukaa ndani bila paswedi. Washa uthibitisho wa hatua mbili. Kama benki unaingilia kwenye laptopu hiyo wapigie leo leo. Kikoba chako kiko kwenye Google, hakijapotea, fungua kwa simu uangalie historia ya mabadiliko kama kuna mkono mwingine umegusa. Laptopu yenyewe usiipeleke kwa mtu wa kupiga antivairasi tu, ifomatiwe kabisa, hii ndo ya kufomati sasa. Uko Tabata ipi, Segerea au Bima?