Hilux 3.0 inapiga filimbi: tabo mpya ya China, ya Japani iliyotumika, au nibadili katriji tu?

MtuWaChikongola
Habari za usiku wakuu. Hilux yangu imeanza kupiga filimbi, nikikanyaga mafuta inalia fiiiii kama king'ora cha mbali, nikiachia inanyamaza. Fundi wangu hapa Mtwara kaisikiliza dakika mbili akasema tabo, ile feni ya kusukuma upepo kwenye injini, imekufa. Nimepewa bei tatu: mpya ya China milioni moja na laki tatu, ya Japani iliyotumika laki tisa na nusu ipo Dar, au abadilishe katriji tu, yaani kiini cha ndani cha tabo, kwa laki sita. Msimu wa korosho ndo huo unakuja na gari hii ndo inalisha nyumba. Nichukue ipi?

Spana17
Injini gani? Imetembea kilometa ngapi? Moshi rangi gani, oili inapungua? Hujasema kitu halafu unataka tukuchagulie tabo.

DadaWaMikindani
Chukua ya Japani hata kama imetumika. Ya China nilifunga mwaka juzi haikufikisha miezi minane, ikaanza kutema oili kwenye eksozi.

MzeeNachingwea
Mwanangu, tafuta injini ya 5L ufunge, uachane na hayo mambo. 5L haina tabo wala kompyuta, yangu inabeba magunia tangu watoto wako shule ya msingi na sasa wana watoto wao.

MtuWaChikongola
Shikamoo mzee, kubadili injini siwezi kwa sasa. Spana17 samahani, injini ni 1KD, gari ya 2008, kilometa 312,000. Moshi wa bluu hakuna, oili haipungui, ila nikipandisha Newala kutokea Masasi na mzigo inatoa moshi mweusi na imekuwa nzito, pale nilipokuwa napanda na gia ya nne sasa hata tatu inalalamika. Mlio unaanza resi ikifika 1,800 hivi. Ah na wiki mbili nyuma tulitoa nozeli, zile za kupuliza diseli kwenye injini, zikapimwe, kama baada ya hapo ndo nikaanza kuusikia.

Spana17
Kaka hilo la nozeli ndo ungeanza nalo!! Kwenye 1KD huwezi kutoa nozeli bila kung'oa intakula, kile kipoza upepo wa tabo kilichokaa juu ya injini, na ukiing'oa unalegeza mipira na klampu zake. Mpira ukikaa upande au ukiwa na ufa upepo unavuja, ndo hiyo filimbi. Upepo haufiki kwenye injini wakati diseli inaendelea kumwagwa, ndo moshi mweusi na uzito. Tabo iliyokufa mara nyingi inakula oili na kutoa moshi wa bluu, au feni inakwaruza nyumba yake, na mlio wa kukwaruza sio filimbi. Kesho injini ikiwa imepoa toa mpira wa kuingizia upepo kwenye tabo, shika ncha ya shafti kwa vidole. Ikicheza kidogo sana kulia kushoto ni kawaida, ila ukiivuta mbele na nyuma isiwe na mchezo unaousikia, na feni isiguse ukuta. Kisha rudishia, fundi apulize upepo wa kompresa KIDOGO kwenye mfumo, wewe paka maji ya sabuni kwenye kila kiungo. Panapotoa povu ndo hapo. Sabuni ya mia tano, usitoe milioni.

KoroshoGhafi
Na eya klina, chujio la hewa, uliangalia lini? Mwezi wa sita mpaka wa nane huku tunapuliza salfa kwenye mikorosho, gari inashinda shambani kwenye ule unga. Yangu nilitoa ikiwa ya njano tupu, tabo ilikuwa inavuta upepo kwa shida na kulia kweli. Nimeweka mpya mlio ukapungua nusu.

Prado_Lindi
Msimpe moyo mapema. Mimi nina Prado ya 1KD, 2021 tabo ilinifia karibu na Nangurukuru usiku, nikavutwa mpaka Lindi. Nikaagiza nyingine Dar, fundi akafunga, pesa nikatoa, nikashukuru Mungu. Siku ya tisa ikalia tena na kufa, nikamtukana aliyeniuzia mpaka leo naona aibu, maana kosa halikuwa lake. Fundi mwingine akashusha sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, tukakuta chujio la oili limeziba na kitu cheusi kigumu kama lami iliyokauka, nikawa nakikwangua kwa kucha hakitoki. Wosha za shaba chini ya nozeli zilikuwa zinavuja, moto na masizi vinaingia kwenye oili, chujio likaziba na tabo ikakosa oili. Kitu kinachozunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika ukikinyima oili hakichukui muda. Sasa wewe umetoka kutoa nozeli, je walikuwekea wosha mpya au walirudishia zilezile??

MtuWaChikongola
Hapo sijui mkuu. Sikuwepo, nilikuwa msibani Tandahimba.

DadaWaMikindani
Muulize fundi leo leo. Na katriji usikubali, tabo ya 1KD ina vipepeo ndani vinavyoongozwa na mota, akifungua bila kuvipanga sawasawa gari inakosa nguvu moja kwa moja.

BodaMpakaShamba
Watu wanaua tabo kwa kuzima gari ikiwa ya moto. Ukitoka safari iache inguruma dakika mbili.

Spana17
Ukiwa umeingia mjini polepole imeshapoa yenyewe. Ukitoka kupanda mlima na mzigo sawa, iache dakika moja.

BodaMpakaShamba
Dakika mbili mkuu, diseli ya dakika moja inakuuma nini?

MtuWaChikongola
Mrejesho. Shafti haichezi mbele na nyuma. Povu limetoka kwenye klampu ya mpira wa intakula upande wa tabo, ilikuwa imekaa juu ya ukingo. Tumekaza, moshi umepungua sana na nguvu imerudi, ila filimbi bado ipo kwa mbali. Fundi anasema wosha alirudishia zilezile.

Prado_Lindi
Shusha sampo kabla hujabeba hata gunia moja.

Spana17
Wosha badilisha, hapo nakubaliana nae. Ila ile filimbi ya mbali 1KD nyingi zinayo hata zikiwa nzima.

DadaWaMikindani
Ukiagiza kitu Dar agiza mapema. 2024 mvua za kimbunga Hidaya zilipokata barabara Somanga mzigo wangu ulikaa njiani siku nyingi.

MtuWaChikongola
Jumamosi tunashusha sampo. Wosha za 1KD hapa Mtwara nani anazo, nipigiwe kesho asubuhi?