Jina la ukoo Kearney: ile O' ilipotelea wapi?

Swali

Habari zenu, ndugu. Mume wangu ni Mmarekani wa ukoo wa Kearney, na watoto wetu wameanza kuuliza jina hilo limetoka wapi. Wakwe zangu husimulia kwamba babu yao aliitwa O'Kearney, akashuka New York mwaka 1851, na karani wa Ellis Island, kituo cha kupokelea wahamiaji huko New York, akaikata ile O' kwa uvivu. Shemeji yangu anaongeza kwamba wao ni jamaa za Obama. Nilicho nacho mkononi ni picha ya jiwe la kaburi tu, linalosema marehemu alizaliwa King's County, mahali nisipopaona kwenye ramani yoyote. Nianzie wapi?

Jibu la kwanza

Dada, King's County ndiyo Offaly ya leo, kaunti ya Ireland. Jina hilo la Kiingereza, la tangu 1556, liliachwa Ireland ilipojitawala. Hadithi ya karani haisimami, kwa kuwa Ellis Island ilifunguliwa 1892, miaka 41 baada ya babu huyo kufika. Katika majina ya Kigaeli, lugha ya asili ya Ireland, Ó ni mjukuu au mzao, na Mac, kiambishi kingine, ni kama bin yetu. Wengi waliziacha huko huko Ireland, hasa karne ya 17 na ya 18, wakati jina la Kigaeli lilipokuwa mzigo mbele ya watawala wa Kiingereza.

Ugumu uko kwenye Kearney yenyewe, kwa sababu tahajia hiyo imemeza majina mawili yasiyohusiana: Ó Catharnaigh, lenye maana ya kivita, na Ó Cearnaigh, lenye maana ya ushindi. Akina Ó Catharnaigh walitawala Teffia, katikati ya nchi. Mkuu wao aliitwa Mbweha, ndiyo maana baadhi ya wazao wao hujiita Fox, na eneo lao la Kilcoursey limo Offaly. Ningetamani kukuambia umefika, lakini Offaly inapakana na Tipperary, walikokuwa akina Ó Cearnaigh wa Cashel. Bila jina la parokia hatuwezi kuamua.

Jibu la pili

Naongezea kuhusu Obama. Mmoja wa mababu zake wa upande wa mama, Falmouth Kearney, mtoto wa fundi viatu, aliondoka Moneygall, Offaly, mwaka 1850, na habari zake zilipatikana katika daftari za kanisa la Kianglikana. Je, wakwe zako ni Wakatoliki? Kama ndivyo, tafuta kwanza daftari za ubatizo ambazo Maktaba ya Taifa ya Ireland imeziweka mtandaoni bila malipo. Nyingi zimeandikwa kwa Kilatini, kwa hiyo James utamkuta kama Jacobus. Sensa za 1821 hadi 1851 usizitegemee, kwani karibu zote ziliteketea Dublin mwaka 1922. Na tafadhali usinunue ile nembo ya ukoo inayouzwa madukani: nembo hupewa mtu na wazao wake, haipewi kila mwenye jina.

Muulizaji

Ahsanteni sana. Ni Wakatoliki, tena wa kufunga Ijumaa. Nimeikuza ile picha, na chini ya King's County kuna mstari uliofunikwa na kuvu, ambao herufi zake za kwanza ni K, i, l.

Jibu la kwanza

Hiyo mara nyingi ni cill ya Kigaeli, yaani kanisa, na parokia zinazoanza hivyo Ireland ni nyingi mno. Mwombeni mtu aliye karibu na kaburi aende na maji na brashi laini, asitumie ya waya, kisha apige picha jua likiwa limeinama.