Intalinieshoni kwa wasia ni kitu gani, na hilo neno limetoka wapi?

mjukuu_wa_mzee
Wandugu habari zenu. Marehemu babu aliacha wasia wa mkono, karatasi moja tu, sasa katikati ya mistari kuna maneno yamebanwabanwa kwa biro nyeusi "pamoja na kibanja cha kule chini" na wasia wote uliobaki ni biro ya bluu. Wakili akautazama akasema hiyo ni intalinieshoni, akamwaga kizungu mpaka shangazi akasinzia. Maana yake nini na limetoka wapi?

hajjat_arua
Pole mjukuu wangu. Hilo ni la Kilatini. Inter ni kati, linea ni mstari, na hiyo linea kwanza ilikuwa uzi wa kitani, maana linum ndo kitani chenyewe, baadaye ikawa mstari wowote ule. Kwa hiyo ni maandishi yaliyoingizwa kati ya mistari, basi. Na si lazima iwe ujanja, kuna Injili za Lindisfarne kule Uingereza, ziliandikwa Kilatini karibu mwaka 700, halafu karne ya 10 padri mmoja anaitwa Aldred akajaza Kiingereza cha zamani juu ya kila neno, kwa herufi ndogo ndogo, na hiyo ndo tafsiri ya Injili ya zamani kuliko zote za Kiingereza zilizobaki.

kaka_isimu
Hajjat umemaliza ila niongeze, hata leo watu wa isimu wanatumia hiyo hiyo, wanaita glosi ya intalinia. Unaandika niliwaona, chini yake unakatakata ni-li-wa-on-a, halafu mstari wa tatu unaeleza kila kipande: mimi, wakati uliopita, wao, ona, na kile kiishio. Ukikosea vistari hapo mwalimu hakuachi hahaha

boda_wa_sheria
Sasa turudi kwa kibanja maana huko ndo kuna vita. Sheria ya Urithi ya hapa Uganda inasema ukiongeza neno kwa wasia baada ya kusaini, hilo neno halina nguvu mpaka lisainiwe vilevile kama wasia wenyewe, yaani mwenye mali na mashahidi wasiopungua 2. Wanaweza kusaini pembeni hapo karibu na maneno yaliyoongezwa, inatosha. Wasia uliobaki unasimama tu, usiogope, kinachoyumba ni hicho kibanja. Pembeni kuna sahihi?

mjukuu_wa_mzee
Asanteni sana wakubwa. Pembeni hakuna kitu ssebo, sahihi ziko chini kabisa, zote za bluu. Na huyo mjomba anayelima hicho kibanja ndo alikuwa anakaa na karatasi 😅

boda_wa_sheria
Eeeh. Mashahidi wako hai? Watafuteni waseme kama hayo maneno yalikuwepo siku wanasaini, maana kama yaliingizwa kabla ya kusaini hayana shida. Na hiyo karatasi orijino iende kwa wakili leo leo, isilale tena kwa mjomba.